Randevu nayo ni kazi: juu ya mafundi wa magari wanaotufuata nyumbani

Wiki iliyopita mmoja wetu ametangaza hapa kwamba amefungua kazi yake ya depanaji: unamwandikia, anakufikia pale gari yako ilipozimika. Watu wamempongeza sana, na mimi pia nimeweka moyo. Kijana anayemaliza chuo na kukataa kukaa nyumbani akingojea barua ya kuajiriwa, lazima tumtie nguvu. Lakini nilipoweka ule moyo, nikakumbuka mambo yaliyotupata mwezi wa pili hapa Lubumbashi, nikajiambia afadhali niyaandike kabla hatujafungua kazi kumi za namna ile. Wale watu sitawataja jina. Usije kuniuliza hata pembeni, sitasema.

Yaya yangu ana Toyota IST moja. Si gari ya kutembelea, ni taxi. Dereva anatoka nayo asubuhi sana, jioni anarudi na versema. Ile versema njo inalipa nyumba na minervali ya watoto wake wawili, na nikisema ukweli, sehemu ya mwaka wangu wa mwisho pale chuo ilitoka mulemule. Siku gari haitoki, watu watatu wanakosa: yaya anakosa versema, dereva anakosa kile kinachobaki baada ya versema (hicho tu njo mshahara wake), na mtoto anakosa kuingia kwenye mtihani kama siku imeangukia wakati ule mubaya wa kufukuza wasiolipa.

Asubuhi moja, mvua imepiga usiku wote, dereva akageuza ufunguo. Tak-tak-tak-tak, halafu kimya. Akarudilia. Tak-tak-tak. Fundi wetu wa siku zote alikuwa amekwenda Kolwezi, kama mafundi wengi wazuri wa hapa wanaofuata kazi za migodi. Kuvuta gari mpaka garaji ni feza, na gari yenyewe iko ndani ya parseli huko Bel-Air, njia imejaa matope. Yaya akaniambia: "Wewe njo uko na intaneti, tafuta mutu akuye kutengeneza hapa hapa." Nikatafuta. Nikapata watu wenye logo nzuri, picha ya fundi na ovaroli safi ambayo haijawahi kuona mafuta, na maneno haya: tunakufikia popote ulipo, saa 24 kwa 24, siku 7 kwa 7.

Telefone yangu imeweka kumbukumbu yote, kwa hiyo sisemi kwa hasira, nasoma tu. Saa 7:12 nimeandika: IST, taxi, iko Bel-Air, haiwaki, ni haraka. Jibu likaja palepale, nikafurahi. Kumbe ni jibu la mashine, linanishukuru kwa kuwaamini. Saa 8:50 vokali ikaingia. Sauti ya kijana, tamu kabisa, Kifaransa cha redio. Anasema deplasema ni dola 10, nitume kwa M-Pesa ndipo fundi atoke. Nikauliza: atafika saa ngapi? "Ukisha kulipa tu, mukubwa." Nikalipa. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa halikuwa jina la kazi yao, wala jina la yule kijana. Ni jina la mama fulani. Nikauliza. Akanijibu kwa kidole gumba.

Saa 10:30: fundi yuko njiani. Saa 12:15: yuko njiani, kuna msongamano. Saa 14:05: yuko karibu ya kufika. Jamani, hata kwa mguu angekuwa amefika, amekunywa maji, na amerudi. Saa 16 na kitu, telefone imezimwa. Usiku, saa 20:40: "Samahani sana mukubwa, kesho asubuhi mapema." Yaya hakwenda soko siku nzima juu ya kumngojea mtu mwenye kuwa njiani. Dereva alikaa chini ya mti wa embe, kila moto iliyopita akainua kichwa.

Kesho yake, saa 9:40 (hiyo njo ilikuwa mapema yao), vijana wawili wakafika juu ya moto. Mfuko wa funguo, basi. Hakuna voltmetri, hakuna kable za kuunganisha batri mbili. Neno la kwanza, hata kabla ya kufungua kapo: "Mama, deplasema iko?" Yaya akasema tumelipa jana. "Ile ilikuwa ya jana, mama." Yaya yangu ni mtu wa kuheshimu watu, lakini pale alicheka kicheko ambacho sisi wa nyumbani tunakiogopa. Wakaona, wakaacha ile habari. Wakafungua kapo, wakaangalia, wakatikisa waya moja, wakasema: ni alternateri, dola 80 na pyesi ndani. Nikauliza mumejuaje? "Hizi gari tunazijua." Yaya akawaomba waende na amani.

Jioni papa mmoja jirani, aliyefanya umeme wa magari miaka mingi, akaja na voltmetri yake ya zamani iliyofungwa na mpira. Akapima batri: volti 11,8. Akatuonyesha vichwa vya batri, vimeota ule unga mweupe wa kijani. Akaomba maji ya moto na brashi. Akasafisha, akakaza, akaunganisha na batri ya gari ya jirani mwingine, gari ikawaka. Akapima tena, mota ikiwa inazunguka: 14,1. "Alternateri iko muzima," akasema. Akachukua franka 10.000. Simuandiki kama malaika: batri yenyewe ilikuwa imezeeka, wiki mbili nyuma tulinunua nyingine, na papa alikuwa ametuambia.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu najua mtakachoandika chini: "Mafundi wa sasa hawajui kazi." Hapana. Fundi anaweza kukosea, hata daktari anakosea. Ninachokilaumu mimi kilitokea kabla ya fundi, kati ya 7:12 na 8:50. Pale njo kazi iliharibika.

Fikirini tofauti hii. Garaji, gari inaifuata vyombo. Ukifika na ugonjwa wowote, fundi ananyosha mkono, anachukua chombo kinachohitajika, akikosa anatuma kijana kwa jirani. Kwa depanaji ya nyumbani, vyombo vinaifuata gari. Fundi akisahau kitu kimoja, siku imekufa. Kwa hiyo ile dakika ya kupokea mteja kwenye telefone si salamu, si mambo ya sekreteri. Ni nusu ya kazi yenyewe. Anayepokea lazima aulize ili mfuko upangwe. Yule kijana wa sauti tamu aliniuliza kitu kimoja tu: nitatuma kwa namba gani.

Angekuwa ameuliza "ukigeuza ufunguo inafanya nini?" ningejibu tak-tak-tak. Kila mwenye gari anaweza kujibu hilo, hata yaya ambaye hajui kuendesha. Na lile jibu linasema mengi. Tak-tak ya haraka haraka, na taa za dashibodi zinafifia: mara nyingi ni batri imeshuka au vichwa vyake havishiki vizuri. Tak moja nzito halafu kimya, na taa zinabaki na nguvu: anza kufikiria demareri. Mota inazunguka vizuri lakini haishiki: hapo batri mara nyingi haina kosa, angalia esansi, angalia bujii. Maswali mawili, vokali moja ya sekunde ishirini. Batri iliyojaa na imepumzika inasoma karibu volti 12,6. Mota ikizunguka, alternateri nzima inapeleka kati ya 13,5 na 14,5. Chombo cha kupima hiyo kinaingia mu mfuko wa suruali. Fundi angejua tangu asubuhi ya kwanza kwamba anakwenda kwa mgonjwa wa batri, angebeba voltmetri, brashi na kable, saa moja ingemtosha, na dola zake 10 za deplasema tungempa tukimshukuru.

Na IST, kati ya gari zote! Hii si gari ya kigeni kwetu. Taxi nyingi unazopanda hapa ni IST, zinatoka Japani, zinashuka Dar es Salaam, zinapita Zambia mpaka Kasumbalesa, usukani uko kuume na sisi tunatembelea kuume vilevile. Ile ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007, ina mota ya 1,3 au ya 1,5. Kwenye kibati kilicho chini ya kapo utaona NCP60, au NCP61, au NCP65 kama ni ile inayovuta magurudumu yote. Namba yake ya shasi si ndefu ya alama 17 kama ya gari zilizotengenezewa Ulaya, kwa sababu ilitengenezwa kuuzwa Japani. Wauza pyesi wa hapa wanaijua, ukiwaonyesha wanakuletea kitu chenyewe. Kwa hiyo ungemwambia mteja: "Nipigie picha ya kile kibati." Picha moja tu. Fundi angeweza kupita kwa muuza pyesi akiwa njiani, asirudi mara mbili. Lakini anayejibu ujumbe hajui kibati ni nini.

Kitu kingine, mahali. Mnajua namna tunavyoelekeza huku kwetu: "ukifika kwenye kanisa la mabati ya bluu, uliza kwa mama wa mikate". Namba za parseli zinarudiana, avenue haina kibao. WhatsApp inakuruhusu kutuma pale ulipo. Hawakuomba. Siku ya pili wale wawili walipotea karibu nusu saa, walituambia wenyewe, na ile nusu saa ilikuja kuongezwa ndani ya ukali wao.

Bei nayo. Mimi sikatai deplasema. Esansi inalipwa, moto inalipwa. Lakini deplasema ni kitu kimoja, kupima ni kingine, mkono wa fundi ni kingine, pyesi ni kingine. Ukinitajia moja tu na kunyamazia tatu, hukunipa bei, umenivuta mpaka mahali ambapo siwezi tena kurudi nyuma. Gari imefunguliwa kapo, wewe umesimama na funguo, mimi nina watoto wanaoniangalia. Pale mteja halipi kwa kukubali, analipa kwa kuona haya.

Ndugu zetu wa sheria watanikosoa kama nimekosea, lakini nafikiri hawatanikosoa. Kifungu cha 33 cha ile dekre ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado tunaisoma mwaka wa pili mpaka tunaiota, inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa njia ya sheria yanawafunga walioyafanya kama sheria. Haisemi mapatano makubwa tu. Haisemi mapatano ya kampuni za migodi tu. Dola 10 na neno "asubuhi" ni mapatano. Nani atakwenda kwa hakimu juu ya dola 10? Hakuna. Njo maana wanaendelea.

Sasa upande wa pili, maana kukosoa upande mmoja ni kusengenya. Nina rafiki mekanisie, amesomea INPP, mikono yake naiamini. Nilipomwambia habari hii hakucheka. Aliniambia: "Munatulaumu, lakini nyinyi bateja muko namna gani?" Akanihesabia. Mteja anaita mafundi watatu wakati mmoja, anachukua atakayefika wa kwanza, wawili wanaobaki wanafika na kukuta gari imekwenda, na telefone haijibiwi tena. Mteja anasema "ni kitu kidogo tu", ukifika ni mota imekufa toka mwezi jana na mafundi wanne wameshapita ndani yake. Mteja anasema kuja uangalie tu, halafu anachukua maneno yako na kwenda kutengenezesha kwa mjomba wake. Kwa hiyo wameanza kuomba akonti. Namwelewa. Mimi mwenyewe, siku ile, saa 11, nilikuwa nimeshaanza kuandikia depanere wa pili. Kama angejibu, ningekuwa nani? Ningekuwa yule mteja.

Halafu kuna kitu kinachonisumbua zaidi, na hiki si cha mafundi peke yao. Ni ile "ndiyo" yetu. Tumelelewa hivyo: mkubwa akikuomba, hausemi hapana. Unasema ndiyo papa, ndiyo mama, halafu unaona mbele. Kwa salamu ni nzuri, kwa heshima ni nzuri. Lakini mu kazi, ndiyo ya heshima na ndiyo ya saa si kitu kimoja. Yule kijana hakuwa na ubaya wa moyo aliposema fundi yuko njiani, nina hakika. Alikuwa anaona aibu kuniambia kwamba fundi bado hajaamka, au yuko Katuba chini ya gari ingine na hatamaliza leo. Akanificha aibu yake kwa kunipa matumaini, matumaini yale yakanila siku nzima. Angeniambia saa 9 "leo haiwezekani, nakurudishia feza", ningekasirika dakika tano, halafu papa jirani angeitwa asubuhi ile ile. Na ajabu yenyewe: jioni ile yaya alipompigia, mimi nikingojea nisikie moto, alisema nini? "Hakuna shida, baba, mukuye kesho." Kuna shida! Kulikuwa na shida kubwa! Na yeye pia alitoa ndiyo ya heshima.

Posho iliyofuata nikaenda kudai dola 10. Ofisi ni meza moja ndani ya chumba cha kuuzia unite, karibu na Sendwe. Nikamkuta mwenye ile sauti. Nilijiandaa kugombana, lakini tulipoanza kusema nikagundua ni mtu wa kwetu: lisansie wa komunikasyo, amemaliza miaka miwili mbele yangu. Angekuwa anasoma ukurasa huu. Labda anausoma. Akaniambia bila kuficha namna wanavyofanya kazi. Yeye hana mshahara. Kila deplasema inayoingia, anakatiwa kitu kidogo. Mafundi nao hawana mshahara, wanapata faida kwenye pyesi na kwenye mkono. Yule mama wa M-Pesa ni dada ya mwenye kazi. Mwenye kazi mwenyewe anaishi Likasi.

Nikamuuliza: siku ile fundi aliambiwa saa ngapi kwamba kuna gari Bel-Air? Akafikiri. "Kama saa saba ya mchana hivi. Alikuwa na kazi ingine, nikaona nisimsumbue." Yaani saa 10:30 na saa 12:15, wakati fundi yuko njiani, fundi mwenyewe alikuwa hajui hata kama mimi nipo duniani! Nikamuuliza tena: kwa nini hukuniuliza gari inafanya nini? Akanijibu kwa moyo safi kabisa: "Mukubwa, mimi niko wa page na matangazo. Mambo ya mota sijui."

Hapo njo nilielewa, na hasira yangu ikapungua, ikawa huzuni. Kwa ile kazi, aliyechukua randevu hakujua gari, na aliyejua gari hakuambiwa randevu. Kijana wa diplome yuko kwenye telefone, kijana wa ovaroli yuko chini ya kapo, na kati yao hakuna hata daftari la franka 1.000. Mmoja anapata feza mteja akilipa, mwingine anapata feza pyesi ikinunuliwa. Hakuna hata mmoja anayepata kitu kwa sababu mtu amefika saa aliyosema. Unataka wafike kwa nini? Na ukitengeneza kazi ambayo fundi anakula tu gari ikihitaji pyesi, usishangae kila gari ikihitaji alternateri.

Kuna dharau pia, tuiseme. Yule mwenzetu angeweza kukaa na fundi mmoja nusu siku tu, akajifunza maswali kumi ya kuuliza. Si lazima ajue kufungua mota. Anayepokea wagonjwa pale hospitali si daktari, lakini anajua kuuliza una homa tangu lini. Hakufanya hivyo kwa sababu ndani ya kichwa chake, na ndani ya vichwa vyetu wengi, kujibu ujumbe ni kazi ya msomi na gari ni kazi ya wale walioshindwa masomo. Na mafundi wanajua kwamba tunawaona hivyo. Nao wanatudharau sisi, watu wa vokali. Kwa hiyo habari haitembei. Mteja anabaki katikati.

Nimewahi kusikia watu wakisema tatizo ni feza, tatizo ni delestaji, telefone zinazimika, njia ni mbovu. Yote ni kweli, mimi ninaishi hapa. Telefone ya yule kijana ilizimika siku ile kweli, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Lakini njia mbovu haikumzuia kuniuliza gari inalia namna gani. Umeme haukumzuia kumwambia fundi saa tatu ya asubuhi badala ya saa saba ya mchana. Kuna umaskini wa makuta na kuna umaskini wa kuulizana, na huu wa pili haungoji barabara.

Alinirudishia dola 6. Zile 4 alisema ni za moto ya wale wawili na za kutoa feza kwa M-Pesa. Nimepokea. Yaya aliponiuliza nikamwambia zimerudi zote, nikaongeza 4 zangu. Hiyo pia ni ndiyo ya heshima, najua.

Basi kabla ya kuweka maandishi haya nimemwandikia pembeni mwenzetu aliyefungua depanaji, nisije nikamshtua hadharani. Nikamuuliza mambo matatu: nani anajibu telefone, anauliza nini, na fundi anaambiwa baada ya dakika ngapi. Alikawia kunijibu mpaka usiku, nikaanza kuwaza vibaya. Kumbe alikuwa chini ya Noah moja huko Ruashi. Aliniandikia: "Vié, fundi ni mimi, anayejibu ni mimi. Nikiwa chini ya gari, mikono iko na mafuta, nani atashika telefone?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia atafute mtu. Kesho yake akanitumia picha ya daftari la shule, limegawanywa kwa mistari ya kalamu nyekundu: jina, mahali, gari, mwaka, inalia namna gani, taa, saa. Mwandiko si wake. Ni wa mdogo wake wa kike, anasoma humanité, anashika telefone kuanzia saa nane akitoka masomo. Asubuhi bado hakuna mtu. Ameandika juu ya ukurasa wake kwamba mpaka saa nane anajibu kila baada ya saa mbili, na kwamba yenga hafanyi kazi.